Abiria wa Saa Kumi

Mama alisahau jina langu kabla ya kusahau namna ya kukaa kwenye pikipiki. Langu lilitangulia, likafuata la kaka, kisha akaanza kusahau choo kiko upande gani wa ua. Lakini ukimpandisha kiti cha nyuma, miguu ilijua pa kukanyaga, na kona ikija aliegemea nayo, kidogo tu, bila kumsumbua anayeendesha. Wako watu wana akili zao zote na hilo hawaliwezi. Wanakaa kama gunia la mkaa. Wewe unalala kulia, wao wanavuta kushoto.

Alizoea kwa marehemu baba. Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka. Mashine ikifa mahali, hata pawe mbali vipi, aliitwa yeye, na Mama alipanda nyuma akiwa amepakata sanduku la spana. Kaka alipozaliwa waliendelea hivyohivyo, mtoto wakimbana katikati. Mimi nilipokuja Mama alikuwa ameshatulia nyumbani, kwa hiyo safari hizo nimezisikia tu. Baba alipofariki, pikipiki ilibaki, na aliyejua kuiendesha nilikuwa mimi peke yangu, kwa kuwa kaka tangu utoto alipenda vitu vikubwa. Akawa dereva wa lori la masafa marefu. Mtaani wanamwita Tani Saba, na si kwa sababu ya lori tu. Ukimwona anavyopita mlangoni utaelewa.

Mimi nilimaliza shule ya msingi nikaishia hapo. Nafanya kazi kwa dobi. Asubuhi nazunguka nyumba za wageni kukusanya mashuka, narudi bandani nayaloweka, nayafua, nayapiga pasi, na mchana nayarudisha yakiwa yamekunjwa. Kazi yenyewe ni macho. Doa la damu halifuliwi kama doa la mafuta, na ukilikosea kwa maji ya moto litakaa hapo mpaka shuka liwe dekio. Kwa kuzoea kutazama mashuka, nikawa natazama kila kitu hivyo.

Ndiyo maana niliwahi kugundua kwamba ugonjwa wa Mama una saa yake. Asubuhi alikuwa mtu wa kawaida, tena mcheshi. Alikaa barazani na jirani yetu, Mama Pacha, wakichambua mboga, na kama alitupa majani akabakiza mashina, Mama Pacha alingoja ageuke ayarudishe. Lakini ikifika saa kumi, jua linapoanza kuingia ndani kwa ubavu, alisimama akatafuta viatu. Alitaka kwenda nyumbani.

"Hapa ndiyo nyumbani, Mama."

"Hapa si kwangu. Kwangu kuna watu wananingoja, watoto hawajala."

Ukimzuia alivuta mlango, alipiga kelele, alinipiga. Hakunipiga kama mzazi. Alinipiga ngumi za kujiokoa, kwa sababu kwake mimi nilikuwa mwanamke fulani aliyemfungia ndani. Ilikuwa hivyo kila siku mpaka giza liingie, ndipo alipochoka akalala na viatu miguuni.

Siku moja nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kutoka kazini. Pikipiki ilikuwa uani, injini bado ina joto. Mama akachomoka mlangoni mbio, Mama Pacha nyuma yake, akafika kwenye pikipiki akasimama. Akashika kiti. Akanitazama kwa namna mtu anavyomtazama dereva kituoni, akiwa anampima kama ni mkweli.

"Wewe, unaelekea wapi?"

"Unakotaka wewe, Mama."

"Nipeleke kwangu basi. Na usikimbize, nina mzigo."

Mzigo hakuwa nao. Nilimpandisha. Nikaogopa ataniachia njiani, nikachukua shuka moja kuukuu lililokataliwa kazini, nikalikunja kwa urefu, nikalipitisha mgongoni kwake na kulifunga tumboni kwangu.

Mama Pacha akashika kiuno. "Haya makubwa. Wewe hujazaa, umeshapata wa kubeba mgongoni."

Tukaondoka.

Sijui niieleze vipi raha ya pikipiki kwa mtu ambaye hajaiendesha. Watu wanadhani ni mwendo. Mwendo wangu mimi ni wa kubebea mashuka, kuku anaweza kunipita. Raha yenyewe ni kwamba kila kiungo kinapewa kazi yake. Mkono huu klachi, ule mafuta, mguu huu gia, ule breki, macho mbele, masikio nyuma, na kichwa kwa kukosa kazi kinanyamaza. Mimi kichwa changu hakinyamazi penginepo. Nikiwa napiga pasi kinasema, nikila kinasema. Nikishaingiza gia ya tatu kinafunga mdomo, nabaki na upepo na harufu za njia: mbao kwenye karakana ya seremala, majivu, sabuni kwenye mifereji.

Na siku ile nilihisi mgongoni kwamba hata kichwa cha Mama kimenyamaza. Mikono iliyokuwa imekaza ngumi ilifunguka, ikashika kiuno changu. Shavu likaja kutua kati ya mabega. Tukapita barabara ya viwandani, tukavuka reli, tukazunguka uwanja wa shule, tukarudi kwa njia ya maghala. Tulipofika mlangoni kwetu aliangalia nyumba akasema, "Ndiyo hapa. Ahsante, mwanangu, umenifikisha." Akaingia ndani mwenyewe, akavua viatu.

Ikawa ndiyo dawa yetu. Saa kumi ikifika niko uani, yeye anatoka, ananiuliza naelekea wapi. Siku nyingine alisinzia. Siku nyingine alizungumza, akinyoosha shingo nimsikie.

"Dereva, una watoto?"

"Sina, Mama."

"Mimi ninao wawili. Wa kike hasemi. Anakaa kimya anakutazama kama paka aliyeona samaki juu ya kabati. Ukimuuliza una nini, atakwambia sina kitu. Mtu gani hana kitu?"

Nikacheka peke yangu ndani ya kofia ngumu. "Na wa kiume?"

"Huyo niachie," alisema, na akageuza uso upande wa pili wa mgongo wangu. Nilimuuliza tena siku nyingine na nyingine. Jibu lilikuwa hilohilo.

Mtaani walicheka mpaka wakachoka. Wengine walimpungia mkono, naye aliwajibu kama mgeni rasmi. Hayo hayakunisumbua. Aliyenisumbua alikuwa kaka, kwa sababu nilijua iko siku atarudi safari atukute.

Alitukuta kwenye kona ya maghala. Alikuwa anashuka kwenye lori na begi lake, sisi tunakuja, Mama amelala fofofo mgongoni, mdomo wazi, shuka limembana. Kaka alitia begi begani. Alitufuata kwa miguu mpaka nyumbani, akamshusha Mama kwa mikono yake, akampeleka kitandani, kisha akatoka uani akafunga mlango nyuma yake.

"Lile shuka la nini?"

"La kumshikilia."

"Mkianguka?"

"Hatujaanguka, Kaka."

"Sikuuliza kama mmeanguka. Nimeuliza mkianguka. Umemfunga mama yangu kama godoro."

"Mama yetu."

"Yetu, haya. Sasa nisikilize, mdogo wangu. Wewe pikipiki unaiona ukiwa juu yake. Mimi naziona kutoka juu ya lori. Naiona kwenye kioo, halafu siioni. Unajua maana yake, usipoiona tena kwenye kioo?" Alinyoosha mkono. "Lete ufunguo."

"Na saa kumi utamfanyaje?"

"Nitakaa naye. Mimi ni mtoto wake pia, au siyo?"

Nikampa ufunguo. Alikuwa na sababu. Lori lake lilikuwa linaingia gereji, gia boksi imekufa, kwa hiyo alikuwepo nyumbani kwa muda. Tukakubaliana asubuhi naondoka na pikipiki kazini, nikirudi namkabidhi ufunguo, anautia mfuko wa shati.

Siku ya kwanza alikaa na Mama barazani, akamnunulia juisi, akamsimulia habari za njiani. Saa kumi ilipofika Mama akasimama. Kaka akamshika mkono kwa upole. Mama akamuuma. Alimuuma kwelikweli, kaka akaja kwangu na kiganja kinavuja, uso umemshuka.

"Ananiita mwizi."

"Na mimi huniita hivyo."

"Kila siku?"

"Zamani kila siku. Tulipoanza kuendesha aliacha. Sasa tumeacha, ameanza tena."

Alidhani nampiga kijembe. Akatia kitasa kipya mlangoni, cha juu, ambacho Mama hakifikii. Mama akakwaruza mbao mpaka kucha mbili zikang'oka. Zahanati wakampa vidonge. Vidonge vilimtuliza, lakini vilimtuliza hata mchana, hata asubuhi. Alikojoa alipokaa. Chakula kilikaa mdomoni, hakimezi mpaka umpapase koo. Mama Pacha akaleta mboga siku moja, akamwekea mapajani, mikono yake haikuzigusa. Akaniambia pembeni, "Huyu mnamzika akiwa amekaa."

Kaka alisikia. Kuta zetu ni nyembamba. Usiku ule hakula, na kesho yake vidonge sikuviona tena mezani.

Mimi ndiye niliyetoa wazo. Nilimwambia pikipiki ina stendi ya kati, ukiipandisha gurudumu la nyuma linaning'inia, haiendi popote. Tumkalishe Mama juu, injini inawaka, iko uani, hakuna barabara, hakuna lori. Kaka alikwenda akaijaribu ile stendi kwa mguu. Akatoa ufunguo mfukoni.

Nikakaa mbele, Mama nyuma, shuka likapita. Nikapiga kiki. Mama akatulia, akalaza shavu. Baada ya kitambo akainua kichwa.

"Dereva, mbona hakuna upepo?"

"Tuko kwenye foleni, Mama."

"Foleni ndefu hii."

Kaka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alicheka mpaka akafunika uso, na mabega yaliendelea kutikisika hata baada ya kicheko kuisha. Nikajifanya natazama tangi.

Haikuwa kama barabarani. Mimi mwenyewe niliona tofauti, maana pikipiki iliyosimama ni kelele tu, kichwa hakinyamazi. Lakini kwake ilitosha. Ule mtetemo ulimwingia, na pengine safari aliifanya mwenyewe akiwa amefumba macho. Akala. Kucha zikaanza kuota. Kaka alianza kuzoea, akawa ndiye anayeangalia mafuta na kupangusa plagi, akinung'unika kwamba kidude hiki kina injini ya cherehani. Ila hakukaa mbele yake. Nilimwambia akae. Alisema, "Mimi hapo sitaenea."

Kisha mvua zikaanza, zile za kunyesha tangu mchana mpaka jioni. Uani pakawa dimbwi. Mama hakujua mvua wala kiangazi, saa kumi ni saa kumi. Ikabidi pikipiki tuiingize chumba cha mbele, pale anapolala kaka, tukasogeza godoro lake ukutani. Nilifungua mlango na dirisha nikawasha.

Mvua ikaingia. Na watoto wa mtaa wakaja kuchungulia chini ya bati, wamejipanga, pikipiki ndani ya nyumba na bibi juu yake.

"Mnatazama nini, sinema?" kaka akawafukuza. Wakarudi. Akataka kufunga mlango.

"Acha wazi, Kaka. Moshi."

"Moshi gani? Mimi nimelala chini ya lori linaunguruma, nimekula chini yake. Moshi ni ule mweusi, unaowasha macho ukatema makohozi kama lami. Huu hata hauonekani."

"Baba alikuwa hawashi ndani."

"Baba alikuwa na banda."

"Acha wazi tu."

"Haya, mwalimu." Akauacha wazi, akakunja godoro lake lisilowe, akalikalia.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri. Pikipiki niliiacha, mashuka yakilowa njiani ni kazi ya bure, nikaenda kwa miguu. Kazini hakuna kilichokauka kwenye kamba. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imejaa watu wa mkutano, na dobi akatuambia hakuna anayetoka mpaka kila shuka limekaushwa kwa pasi. Shuka bichi lina njaa ya pasi, ulipige upande huu, uligeuze, mvuke unakupanda usoni, na ukidhani limekauka ulikunje, ndani linatoa unyevu. Niliona saa ya ukutani ikisogea. Saa kumi ikafika, ikapita. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia sina kitu.

Nilijiambia kaka yupo. Na kusema kweli nilijiambia pia kwamba ni heri nisiwepo, labda leo atakaa mbele mwenyewe.

Nilipotoka mvua ilikuwa imepungua, mwanga wa jioni bado upo, wa kijivu. Nilipoingia uchochoro wetu nikasikia injini. Ilikuwa inaunguruma taratibu, haijikwai, na nikafurahi. Mtu asiyejua angeona kelele. Mimi nilisikia kwamba Mama ametulia, na kwamba kaka amefanya peke yake. Nikapunguza hatua, nikajikung'uta maji, nisiwakatize.

Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha pia. Chini ya mlango, kwa ndani, palikuwa pamezibwa na kitu. Maji ya uchochoroni yalikuwa yanafika pale yanageuka. Niligonga. Nikaita. Injini iliendelea. Nikasukuma kwa bega na kile kitu kikasogea, lilikuwa blanketi lake.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya joto na haikuwa na moshi. Hilo kaka hakukosea, hakukuwa na cha kuonekana. Pikipiki ilikuwa imesimama kando ya ukuta. Kaka amelalia tangi, bega lake limeegemea ukuta, mikono imening'inia. Mama mgongoni kwake, shavu limetua katikati ya mabega mapana yale, macho yamefumba. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri, rangi ambayo sikuiona kwake miezi mingi. Shuka limewazunguka wote wawili.

Nilizima. Kimya kilichofuata ndicho kilichonifanya nipige ukelele, si nilichokiona.

Mama Pacha alikuja na mikono ina unga. Tulivuta fundo la shuka halikufunguka. Mimi hufunga la kuvutika, kaka alikuwa amefunga fundo la lori, lile la kukazia turubai, kadiri mzigo unavyolemea ndivyo linavyojikaza. Mama Pacha akakimbilia kisu. Tulipokata, Mama akatuangukia kama nguo. Tukambeba yeye kwanza mpaka nje kwenye mvua, kisha tukarudi tukamburuta kaka kwa makwapa, hatukuweza kumwinua, kichwa chake kikigonga kizingiti.

Kaka alikuwa anapumua. Mama hakuwa.

Hospitali walisema hewa ile haina harufu wala rangi, inakaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri, na mzee huenda haraka kuliko kijana mwenye mwili. Daktari alikuwa mtu mzima, alisema polepole, akanipa kiti. Aliniuliza nani alikuwa anaendesha. Nilimwambia hakuna aliyekuwa anaendesha.

Kaka aliamka siku ya pili. Alikuwa na bomba la hewa puani na macho mekundu. Hakuuliza habari ya Mama. Aliona mimi niko peke yangu, akaelewa.

"Niliziba kwa sababu ya maji," alisema baadaye.

"Najua."

"Na wale watoto."

"Najua, Kaka. Pumzika."

"Kichwa kilianza kuniuma. Mapema. Nikasema nishuke nifungue dirisha kidogo." Alisogeza lile bomba puani. "Sikushuka."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananisema."

Nilivuta kiti.

"Aliniita dereva. Akaniuliza nina watoto. Nikasema sina. Akasema yeye ana kijana, mwili mkubwa, anaendesha lori. Anasema alipokuwa mdogo walikuwa wanambeba katikati, yeye na mume wake, na alikuwa hashiki kitu, anapiga makofi tu njia nzima, maana hakuwa na pa kuangukia. Mimi sikumbuki hiyo. Wewe uliwahi kuisikia?"

"Ya makofi sijawahi."

"Halafu akasema, ngoja nikwambie jambo alilonifanyia huyo kijana wangu. Kichwa kinanigonga, mikono mizito, nikasema akimaliza hili nashuka. Nikangoja."

"Jambo gani?"

Alitazama dari. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni na hakuyafuta.

"Hakufika," alisema. "Alikuwa anatafuta maneno. Unajua anavyotafuta. Nikangoja."

Tulimzika bila yeye. Alikuwa bado hawezi kusimama. Mjomba alisema makaburini, mbele za watu, kwamba kile chuma kitolewe pale nyumbani, kiuzwe au kichomwe moto, kimekula mtu. Wengine waliitikia. Nilimjibu kwamba chuma hakikuziba mlango, na nilipoona nyuso zao nikatamani ningenyamaza kama kawaida yangu, kwa sababu ya kaka, maana maneno hayo yangemfikia. Yalimfikia.

Sasa yuko nyumbani. Lori wamempa mtu mwingine. Mikono yake inatetemeka na gia anazisahau. Walimjaribu kwenye uwanja wa kampuni akaingiza ya nyuma badala ya ya kwanza, wakamwambia kwa heshima apumzike. Anakaa barazani na Mama Pacha. Mboga anachambua vizuri. Lakini injini ya pikipiki ikipita karibu anasimama wima, hata kama ni ya mtu mwingine, anaangalia mlango, anakwenda kuufungua ingawa uko wazi. Anafungua na dirisha. Halafu anakaa mkono umeshika moyo. Baada ya hapo halali.

Mimi bado naendesha. Mashuka hayajibebi. Na nikitoka kazini, mkono unakata kona wenyewe kuelekea barabara ya viwandani, reli, uwanja wa shule. Mwanzoni nilidhani nitalia, nikajiandaa kwa kufungua kioo cha kofia. Sikulia. Nilipoingiza gia ya tatu kichwa kikanyamaza kama siku zote, upepo ukaja na harufu ya mbao, na mwili wangu ukafurahi, mgongo mtupu. Niliuona ubaya wake na sikuweza kuukataa. Siku ya pili nikapita tena.

Nikifika kwenye maghala nazima. Kutoka pale hadi kwetu kuna mteremko mdogo halafu kipande kirefu cha kupanda. Nashuka, nashika usukani, nasukuma. Ni nzito, mchanga unashika magurudumu, na siku nina marobota ya mashuka machafu nalowa jasho kama nimefua. Wenye maduka wameshanizoea.

"Imeisha mafuta tena, dada?" fundi viatu ananiuliza.

"Imeisha."

"Kila siku? Si ununue ya kutosha."

"Nitanunua," namjibu, nainama, naendelea kusukuma, na kaka akiniona naingia uani anasema, "Umerudi? Sijakusikia."